Ndezi wa Kila Kiangazi, au Pembe ya Siku Moja?

Muhula uliopita Chama cha Mijadala cha shule yetu kilijadili hoja iliyotoka katika barua. Mwanafunzi mmoja wa zamani wa shule hii, ambaye siku hizi akaa katika jimbo la Colorado huko Marekani, alimwandikia mwalimu wetu wa Kiswahili kumpa habari za kazi yake na za watoto wake. Mwishoni mwa barua aliuliza swali. Yeye ni mwindaji, tena mwindaji wa halali mwenye kibali. Amekwisha kuweka akiba ya pointi 7 za kumwindia mnyama mkubwa aitwaye elki, naye hajui kama azitumie sasa mahali pa kawaida na kuanzia hapo awe akiwinda kila mwaka, ama azilimbikize miaka mingine 13 au zaidi ili aingie mahali penye madume makubwa kupita yote. Akamaliza hivi: ninyi mko karibu na wazee, basi waulizeni.

Wengi walicheka, maana twajua pointi za mpira na za mtihani, lakini pointi za kumwua mnyama zilikuwa jambo geni. Hata hivyo hoja iliandikwa ubaoni: "Heri kuwinda kila mwaka kuliko kungoja mnyama mmoja mkuu." Mimi nilisimama upande wa kuiunga mkono, nasi tulishindwa kwa kura 61 dhidi ya 38. Siandiki haya kwa uchungu wa kushindwa. Naandika kwa sababu siku ile nilikuwa na jambo moja la kusema nikaona haya kulisema mbele ya watu mia, na tangu siku ile halijaniacha.

Kwanza yafaa nieleze mnyama mwenyewe, kwa ajili ya wale waliokuwa uwanjani wakicheza mpira wakati wa mjadala. Elki ni wa ukoo wa ayala, yule tunayemsoma katika Zaburi, lakini yeye ni mkubwa mno. Dume aliyekomaa hupita kilo 300, yaani ni mzito kuliko mafahali wengi wa kwetu. Pembe zake si kama za paa wetu. Zina matawi kama mti, nazo huanguka kila mwaka majira ya baridi yakiisha, kisha huota tena upya. Wamarekani huhesabu ncha za matawi hayo, na ncha hizo nazo huziita pointi, hata ukisikiliza wawindaji wawili wakizungumza hujui ni pointi za kichwani mwa mnyama au ni za katika daftari la serikali. Colorado ndilo jimbo lenye elki wengi kuliko majimbo yote ya Marekani.

Sasa, mahali palipo na madume makubwa hutamaniwa na watu wengi, na serikali ya jimbo haiwezi kuwaruhusu wote, la sivyo madume hayo yangekwisha kwa miaka michache. Kwa hiyo hutoa vibali vya idadi maalumu. Mtu huomba mwanzoni mwa Aprili. Asipopata chaguo lake la kwanza, huandikiwa pointi moja. Mwaka ujao akiomba tena, wenye pointi nyingi hutangulia na wenye chache hungoja nyuma. Ziko sehemu za jimbo hilo ambazo mtu hazipati ila kwa pointi zaidi ya 20, na kila pointi ni mwaka mzima wa maisha yake. Majimbo mengine yana taratibu zao. Arizona, kwa mfano, mwenye pointi nyingi huwa kama mwenye tikiti nyingi katika bahati nasibu, na bado aweza kukosa.

Hapo ndipo penye hesabu ambayo wenzangu wa upande wa pili hawakuipiga. Tuseme mahali fulani pana vibali 40 kwa mwaka, na watu 800 wako katika mstari. Mtu wa mwisho atangoja miaka 20. Hesabu hiyo ni nzuri ikiwa mstari umefungwa. Lakini mstari haufungwi. Tuseme kila mwaka watu 60 wapya wajiunga, na 40 tu watoka. Mstari utarefuka kwa watu 20 kila mwaka; baada ya miaka 10 utakuwa na watu 1,000, na yule ajiungaye siku hiyo atangoja miaka 25. Babaye alingoja 20, yeye 25, mwanawe atangoja zaidi. Mwenzetu wa Colorado aliandika jambo hili hili bila hesabu: alipoanza kuweka pointi wenyeji walimwambia kuwa 15 zingetosha, na leo wamwambia kuwa zataka kupita 20. Yeye akimbia na lengo lakimbia. Ana umri wa miaka 44. Akingoja miaka 13 atakuwa na 57, na elki hukaa katika milima mirefu kuliko mlima wowote tunaouona kutoka Koboko, ambako nyama ya mnyama mmoja hubebwa mgongoni kwa safari nyingi.

Upande wa pili walisimama juu ya methali. Mmoja alisema subira yavuta heri, mwingine akasema mvumilivu hula mbivu, na wasikilizaji wakapiga makofi. Sisi tulijibu kwa ngoja ngoja huumiza matumbo, tukapigiwa makofi machache. Mimi nadhani methali haziwezi kuamua shauri kama hili, kwa kuwa wazee waliotunga hizo za kwanza ndio waliotunga na hiyo ya pili. Twende katika mambo yenyewe.

Kwetu Abuku msako huanza Desemba manyasi yakisha kukauka. Mvua zimekoma, mtama umekwisha kuvunwa, upepo watoka kaskazini, na asubuhi unaona moshi hapa na pale mpaka upande wa Kongo. Siku ya msako vijana huamka kabla ya jogoo. Wazee huwa wamekwisha kuchagua mahali tangu jana yake, kwa kutazama njia ndogo ndogo ambazo ndezi hupita kati ya majani, na kinyesi chake, na mabua aliyoyakata kwa meno. Nyavu hutegwa upande mmoja, wenye mikuki na marungu hukaa nyuma yake, na watoto pamoja na mbwa huingia kwa upande wa pili wakipiga kelele. Mbwa huvikwa njuga shingoni ili wasichomwe mkuki kwa makosa. Ndezi akitoka hatoki kama sungura. Hutoka kama jiwe lililotupwa, chini kabisa ya majani, nawe waona majani yakitikisika tu. Asiyejua hutazama majani yanayotikisika. Ajuaye hutazama hatua mbili mbele yake.

Babu yangu ndiye aliyekuwa akiongoza msako wa upande wetu. Baba yake alikuwa askari wa King's African Rifles katika vita vilivyokwisha mwaka 1945, na Kiswahili tulicho nacho nyumbani kilitoka katika kambi za askari. Kwa hiyo mpaka leo msako wetu huongozwa kwa amri za gwaride. "Simama!" "Sogea kulia!" "Kimya nyuma huko!" Mgeni akitusikia atadhani kuna jeshi porini, kumbe ni watu ishirini na mbwa tisa wanaomtafuta mnyama aliye mdogo kuliko mbwa.

Babu alikuwa na masharti yake. Kichaka cha kando ya kijito hakichomwi kamwe, maana ndimo wanyama wanamokimbilia, na mwaka ujao watatoka humo. Jike lenye mimba likinaswa wavuni huachiliwa. Mahali palipowindwa mwaka huu hapawindwi mwaka ujao. Na nyama hugawanywa palepale chini, mbele ya watu wote, na wajane wa kijiji hupewa kwanza hata kama siku hiyo tumepata wawili tu. Kuna miaka tuliyorudi na ndezi wanane, na mwaka mmoja tulirudi na panya wa mashambani na miiba miguuni. Hakuna mtu aliyesema msako ule ulikuwa bure.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Sitetei ujangili. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 ni kali: kuwinda kwataka ruhusa, na mwenye kumwua mnyama wa jamii iliyo hatarini aweza kutozwa faini mpaka shilingi bilioni 20 au kufungwa maisha. Asiyejua mpaka wa sheria ulipo na amwulize afisa wa wanyamapori kabla ya kushika wavu, wala asiniulize mimi. Moto nao si mchezo. Mashamba mangapi ya muhogo yameteketea kwa ajili ya mtu aliyetaka panya mmoja!

Mwenzetu mmoja wa upande wa pili, kijana hodari wa historia, alitupiga kwa hoja nzuri. Alisema kuwa ndezi si kitu cha kukumbukwa, bali mnyama mkuu hukumbukwa, na akatutajia Rhino Camp, iliyo mashariki ya Arua ukingoni mwa Naili. Januari mwaka 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani mwaka uliotangulia, alishuka kwa maji kutoka Ziwa Albert akapiga kambi upande huu wa magharibi pamoja na mwanawe Kermit. Nchi hii ilikuwa bado ni ile iliyoitwa Lado, chini ya Wabelgiji. Walikuja kutafuta kifaru mweupe, na wawili hao waliua vifaru weupe 9, wakapeleka ngozi na mifupa katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Mwenzetu akasema, "Mmeona? Miaka zaidi ya mia imepita, na mahali pale pangali paitwa kwa jina la mnyama yule. Nani ataita mahali kwa jina la ndezi?"

Watu walipiga makofi sana, nami nikashindwa kujibu kwa haraka. Jibu lilinijia usiku nikiwa kitandani, kama yalivyo majibu mengi.

Ni kweli kwamba jina limebaki. Lakini vifaru wako wapi? Mwanzo waliwindwa kwa nyara, baadaye waliuawa kwa kuuza pembe. Serikali iliwahifadhi wachache pale Ajai, karibu na mto, na mwaka 1961 wengine walihamishiwa hifadhi ya Murchison. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ikiwa katika vita, walikwisha wote katika Uganda. Kifaru dume wa mwisho wa kabila lile la kaskazini, aliyeitwa Sudan, alikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya tarehe 19 Machi 2018, akawaacha majike wawili tu, Najin na bintiye Fatu. Vifaru wa Ziwa katika wilaya ya Nakasongola walianza kuletwa mwaka 2005, nao ni wa kabila la kusini. Basi kama mtu wa West Nile angaliweka pointi tangu mwaka 1960 ili ampate kifaru wa nyumbani, leo angekuwa mzee mwenye pointi nyingi kuliko watu wote duniani, wala asingekuwa na mahali pa kuzitumia.

Tena si mnyama peke yake anayeweza kutoweka. Mlango nao waweza kufungwa. Kenya ilikuwa nchi iliyosifiwa na wawindaji wa dunia nzima. Mwezi wa Mei mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wa leseni, na mpaka leo haujafunguliwa. Sisemi kwamba serikali ya Kenya ilikosea. Nasema tu kwamba yule aliyekuwa akiweka fedha miaka kumi ili mwaka 1978 akawinde huko, alibaki na fedha zake, na labda alinunua gari.

Na sisi wenyewe je? Mwishoni mwa mwaka 1980 vita viliingia West Nile, na watu wetu wengi walivuka mpaka kwenda Zaire na Sudani. Babu alivuka akiwa na bibi, watoto watatu, sufuria mbili na wavu. Bibi humcheka mpaka leo kwa kubeba wavu badala ya godoro. Waliporudi baada ya miaka kadhaa nyumba ilikuwa imekuwa kichuguu, lakini kiangazi kilichofuata walisaka, kwa sababu wavu ulikuwapo na watu waliojua kuutega walikuwapo. Watoto walikuwa wamejifunza huko huko ugenini, kila mwaka kidogo kidogo, katika manyasi ya watu wengine. Kama wangalisema, "Tungoje turudi nyumbani ndipo tusake kisawasawa," nani angalijua tena?

Sasa lazima nikiri jambo moja, maana hoja isiyokiri ukweli wa upande wa pili ni hoja ya mtoto. Pointi zenyewe si mbaya. Ni njia mojawapo ya kuwazuia watu wasimalize wanyama, na laiti vifaru wetu wangekuwa na daftari kama lile mwaka 1910! Masharti ya Babu juu ya kichaka cha kijito na hayo ya Colorado ni ndugu. Wala kuwinda kila mwaka si haki isiyokatika. Tangu mwaka 2025 wageni wasio wakazi wa Colorado hawawezi tena kununua tu kibali cha kumwinda elki kwa upinde katika sehemu kubwa ya jimbo hilo, sharti waombe kama wengine. Kwa hiyo sibishani na sheria. Nabishana na mtu anayeichukua sheria ya kumlinda mnyama akaifanya sababu ya kukaa nyumbani miaka 20.

Sasa nifike katika lile jambo nililoliona haya.

Nilikwenda msakoni tangu nikiwa na miaka saba, kazi yangu ikiwa kupiga kelele, na nilikuwa hodari sana wa kazi hiyo. Nikiwa na miaka kumi na tano Babu aliniambia, "Mwaka ujao utakaa nyuma ya wavu pamoja nami, nikufundishe." Mwaka uliofuata nilikuwa Kidato cha Tatu, nikabaki kwa masomo ya likizo. Nilimpelekea ujumbe kwamba nitakuja mwaka ujao. Mwaka ujao nilimaliza mtihani wa Kidato cha Nne, nikaenda Arua kuuza dukani kwa mjomba ili nipate sehemu ya karo. Safari hii nilimpigia simu mwenyewe. Nilimwambia, "Babu, haya mambo ya nusu nusu hayafai. Ngoja nimalize shule kabisa, nitakuja nikae kiangazi kizima, utanifundisha yote kwa pamoja, na tutakwenda hata Ajai kuwaona wanyama wakubwa." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, mjukuu wangu." Nilidhani amefurahi. Nilikuwa naweka pointi zangu wala sikujua.

Desemba iliyopita nilikwenda. Nilikuwa nimesikia kuwa macho ya Babu yanamsumbua, lakini nyumbani wakisema macho, nilifikiri ni macho ya kusomea. Nilimkuta ameketi chini ya mwembe, nikamwamkia, "Shikamoo Babu," naye akaitika "Marahaba" akigeuza uso upande usio wangu. Alinijua kwa sauti. Siku ya msako alitaka kuja, tukamshika mkono mpaka ukingo wa manyasi, akaketi juu ya jiwe. Akaniuliza upepo watoka wapi. Nikamwambia. Akauliza majani ya upande wa kijito yamelala au yamesimama. Nikatazama, na yalikuwa yamelala na kusimama, sikujua ayatakayo ni yapi. Akauliza njia ya ndezi iko wapi. Nilitafuta, wasomaji wenzangu, nikiwa na alama nzuri za biolojia, na sikuiona. Binamu yangu wa miaka kumi na mitatu, aliyesaka kila mwaka, alinyosha kidole akasema, "Si hiyo hapo karibu na mguu wako?"

Tulipata ndezi watatu. Wavu niliutega mimi, na mmoja wa nne alipita chini yake kwa sababu sikuubana kwa vigingi vya kutosha. Babu alisikia njuga za mbwa zikipita zikiendelea mbali, akajua. Hakusema neno. Afadhali angalisema.

Ndiyo sababu siwezi kukubaliana na wale 61. Walihesabu mnyama, na mnyama ni sehemu ndogo. Mtu asakaye kila mwaka, hata kama mwaka huu arudi na miiba, amejua jambo moja zaidi juu ya upepo, amekaa kutwa na watu wake, mbwa wamemzoea. Yule angojaye miaka 20 atafika mahali penye dume kubwa akiwa na macho ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Atapewa siku chache tu. Naye pengine mtu aliyekuwa amfundishe hayupo tena, au yupo na hawezi kuona.

Kwa kaka yetu wa Colorado nina shauri, nalo nimelipata kwa msaada wa mwalimu aliyemwandikia tena baada ya mjadala kuuliza habari za utaratibu. Kumbe huko mtu huruhusiwa kuandika zaidi ya chaguo moja. Chaguo la kwanza aweza kuomba pointi tu, na la pili akaomba kibali cha jike au cha mahali pasipogombewa. Akipata hicho cha pili, pointi zake hazipungui. Basi na afanye hivyo, kaka, na pointi ziongezeke zenyewe huko daftarini kama zitakavyo. Lakini fedha na siku zake za likizo, ambazo hazina chaguo la pili, azitumie mwaka huu. Katika barua yake alitaja kwa neno moja tu kwamba ana kijana wa miaka kumi na miwili. Amchukue. Kijana akianza mwaka huu, atakuwa amekwisha kupanda milima ile na baba yake mara kumi na tatu wakati ule ambao baba angekuwa bado ahesabu. Na jike la elki lina nyama tamu, asema mwenyewe, na nyingi mno kuliko ya ndezi wetu.

Upande wangu, mtihani wa Kidato cha Sita utakwisha mapema Desemba, nami nimekwisha kumwambia mjomba wa Arua kwamba mwaka huu dukani wamtafute mtu mwingine mpaka Januari. Wavu wa Babu umetoboka mahali pawili, palepale ndezi wa nne alipojaribu kwanza kabla ya kupita chini. Babu asema hawezi tena kuushona kwa macho ila vidole vyake vingali vyakumbuka fundo. Nimempelekea uzi kwa mtu wa basi wiki iliyopita, mafundo mawili ya nailoni, na ujumbe kwamba asianze kabla sijafika.